Bakora na Mizani Yake

Hakuna hoja inayotolewa upesi katika mazungumzo ya malezi ya dini kama hii: "Ndivyo walivyosomeshwa wazee wetu." Mwenye kuisema huwa anaitetea bakora. Ana maana kwamba mtoto aliyechelewa chuoni, aliyesahau sura, aliyesinzia juu ya juzuu, na yule aliyetukana au kuiba, wote dawa yao ni moja, na kwamba dawa hiyo imetoka kwa waja wema waliotutangulia. Nimeisikia hoja hii barazani, msikitini na katika mikutano ya wazazi. Mara nyingi wasiokubaliana nayo hunyamaza, kwa kuwa hakuna atakaye kuonekana anawasahihisha wazee.

Nami nimekuwa nikijiuliza: wazee hao ni wazee gani, na walisema nini hasa? Kwani wako wazee walioandika. Vitabu vyao vipo, na vimesomwa katika darasa za misikiti kwa karne nyingi. Nilipoyafuatilia maneno yao niliona jambo ambalo nataka kumshirikisha msomaji. Wazee hao hawakuikataa fimbo, lakini hawakumwachia mwalimu aitumie apendavyo. Waliiwekea mizani, na katika mizani hiyo walitia umri wa mtoto, nguvu za mwili wake, tabia yake na hali ya nyumbani kwao. Sisi tuliirithi fimbo, mizani ikatupotea njiani.

Tuanze katika mji wa Kairouan, ambao leo uko nchini Tunisia. Hapo katika karne ya 9 aliishi mwanachuoni wa madhehebu ya Kimaliki, Muhammad bin Sahnun, aliyefariki mwaka 870. Aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za walimu wa watoto, na mengi ndani yake aliyapokea kwa baba yake, Sahnun, aliyekuwa kadhi na fakihi mashuhuri. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya Kiislamu vilivyoandikwa kwa ajili ya mwalimu wa chuo peke yake. Katika kitabu hicho mwalimu anaruhusiwa kumtia mtoto adabu, lakini mapigo yasizidi 3 ila kwa idhini ya baba. Hana ruhusa ya kupiga kichwa wala uso. Tena haimjuzii kumzuia mtoto asiende kula na kunywa anapoitwa kwao. Mtoto asipofika, mwalimu awape habari walezi wake. Na mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wawe sawa mbele yake.

Ndugu msomaji, naomba usipite haraka hapo penye chakula na penye habari za walezi. Mwanachuoni huyu alijua kwamba chuoni huja watoto wenye njaa, na kwamba mtoto asiyeonekana huenda ana sababu isiyojulikana na mwalimu. Kwa hiyo aliweka kwanza wajibu wa kujua, ndipo ikafuata haki ya kuadhibu.

Kiasi cha miaka 140 baadaye, katika mji huohuo, Abul Hasan Al-Qabisi, aliyefariki mwaka 1012, aliandika risala ndefu zaidi juu ya walimu na wanafunzi. Naye alishika idadi ya mapigo 3, akasema yapimwe kwa uwezo wa mtoto kuyastahimili, na anayetaka kuzidisha atake idhini ya mlezi. Alikataza mwalimu kupiga akiwa na hasira, maana hapo anaituliza nafsi yake, hamfunzi mtoto. Akaongeza jambo ambalo kila aliyewahi kusomesha atalitambua: mwalimu asiwe mwenye kukunja uso saa zote, kwa sababu watoto huuzoea uso uliokunjwa, na wakishauzoea hautawatisha tena.

Tutoke Kairouan twende mashariki, kwa Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye jina lake halihitaji maelezo katika nchi zetu. Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini ana mlango mzima juu ya kuirekebisha nafsi, na humo anaitaja kazi ya kumlea mtoto. Anasema mtoto akikosea mara moja, hasa akijaribu kulificha kosa lake kwa haya, mzazi ajifanye hakuona. Akirudia, alaumiwe faraghani. Tena lawama zisiwe nyingi, kwani maneno yakizidi huwa hayana uzito masikioni. Baada ya chuo mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike. Akizuiwa mchezo na kuchoshwa na masomo daima, moyo wake hufa, akili yake hufifia, na hutafuta hila ya kukwepa.

Lakini neno la Al-Ghazali linaloingia zaidi katika maudhui yetu ni mfano wake wa tabibu. Tabibu atakayewatibu wagonjwa wote kwa dawa moja, anasema, atawaua wengi wao. Na mlezi wa nyoyo naye ni vivyo hivyo: hana budi kutazama ugonjwa wa mwanafunzi, umri wake, tabia yake na kile ambacho nafsi yake inaweza kukibeba, ndipo apange mazoezi yake. Hebu tuulinganishe mfano huo na ile hoja ya barazani, kwamba wote dawa yao ni moja.

Wa mwisho katika mlolongo huu ni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafariki Cairo mwaka 1406, ambako alikuwa kadhi. Katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, ana sura fupi inayoeleza kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, hasa wakiwa wadogo. Hakuishia kuhesabu mapigo. Alieleza namna madhara yanavyoingia. Mtoto anayelelewa kwa kutezwa nguvu, nafsi yake husongeka na uchangamfu humtoka. Huwa mvivu. Kisha hujifunza kusema uongo, kwa kuwa ukweli unamletea mkono mzito, na hila hiyo huja ikawa ndiyo tabia yake. Ibn Khaldun aliona kwamba mataifa yaliyokandamizwa huingiwa na maradhi hayohayo. Hata hivyo hakuwa mtu wa kulegeza kamba. Alisimulia wasia wa Harun al-Rashid kwa mwalimu wa mwanawe: asiache saa ipite bila faida, lakini asimhuzunishe mtoto hata akili yake ikafa, wala asimlegezee mno hata akaona uvivu ni mtamu. Atangulize upole, na ukali uje pale tu upole unapokataliwa.

Hapa atatokea mtu aseme: "Na ile hadithi je, ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka 7, na kuwapiga kwa ajili yake wakiwa na miaka 10?" Ni swali la haki, maana hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Abu Daud na ndiyo inayotajwa kuliko zote. Lakini tuihesabu vizuri. Baina ya miaka 7 na 10 kuna miaka 3. Kwa miaka ya mwezi ni zaidi ya siku 1,000, na kila siku ina swala 5. Kwa hiyo mtoto anaamrishwa, anaelekezwa na kusubiriwa zaidi ya mara 5,000 kabla fimbo haijatajwa. Ni nani kati ya wanaoitaja hadithi hii aliyekwisha kumwita mtoto wake kwa upole mara 5,000?

Tena ziko hadithi nyingine ambazo hazitajwi barazani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha swala anaposikia mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Anas, aliyemtumikia tangu udogoni kwa miaka 10, alieleza kwamba hakuambiwa hata neno la kuguna. Na iko habari ya Muadh bin Jabal, aliyesalisha watu kwa sura ndefu usiku. Mtu mmoja aliyetoka kazini na ngamia wake, amechoka, alijitenga akasali peke yake, na watu wakamwita mnafiki. Mashtaka yalipofika kwa Mtume, aliyekaripiwa ni Muadh. Akaambiwa kwamba nyuma yake wako wazee, wanyonge na wenye haja zao. Basi ikiwa imamu anaamrishwa kuupima uchovu wa mtu mzima, mwalimu ataachaje kuupima uchovu wa mtoto?

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Jean-Baptiste de La Salle, padri Mfaransa aliyefariki mwaka 1719, alianzisha shule za bure kwa watoto wa mafundi na maskini. Mwongozo wa shule zake, uliopigwa chapa mwaka 1720, unawagawa watoto kwa tabia na hali zao kabla ya kusema nani aadhibiwe na nani asiadhibiwe: mkaidi ana njia yake, mwoga yake, mgonjwa na mdogo sana yao. Katika karne ya 19 padri Giovanni Bosco wa Turin alikutana na vijana wa vibarua na waliotoka gerezani. Hakungoja waje saa za shule. Aliwafundisha dini Jumapili na masomo jioni, saa ambazo kazi iliwaachia. Mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi ya njia yake, iliyosimama juu ya akili, dini na mapenzi, na kukwepa adhabu kadiri iwezekanavyo. Watu wa nyakati na dini mbalimbali wamefika njia panda moja wakachagua njia moja.

Sasa turudi pwani kwetu. Chuo cha Kurani ni taasisi kongwe hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za desturi za Waswahili zilizotolewa kitabu na Carl Velten mwaka 1903, hakuweza kuyaeleza maisha ya mji bila kueleza mtoto kutiwa chuoni. Na aliyekisoma chuo cha zamani anajua kilivyokuwa. Watoto waliketi juu ya jamvi, kila mmoja na mahali pake pa kusoma: huyu yuko kwenye alifu, yule anaendesha irabu, wa tatu yuko juzuu ya Amma, wa nne anakaribia kuhitimu. Mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja, na wakubwa waliwashika mkono wadogo. Hapakuwa na darasa la kuwaburuta wote kwa pamoja, wala hakuna aliyeambiwa ameshindwa mwaka. Kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake.

Ajabu yangu ndiyo hiyo. Somo lilipimwa kwa mtoto mmoja mmoja, lakini adhabu ikagawiwa kwa jumla. Ilikuwaje? Naona sababu tatu au nne. Kwanza, vitabu nilivyovitaja vilikuwa kwa Kiarabu, vikisomwa na wanavyuoni wakubwa; mwalimu wa mtaani mara nyingi alifundishwa kuisoma Kurani tu, na elimu ya ualimu aliipata kutokana na bakora aliyopigwa mwenyewe. Pili, riziki yake ilikuwa ada ndogo ya kila wiki na zawadi za wazazi, na mbele yake wakarundikana watoto wengi. Mtu mmoja akiwa na watoto 40 hapati nafasi ya kuuliza hali ya kila mmoja. Tatu, wazazi wenyewe waliikabidhi mizani. Waturuki wana msemo wa mzazi anayemwambia mwalimu kwamba nyama ni yake mwalimu, na mifupa tu ni ya mzazi. Hata kwetu maneno ya jamii hiyo yalisemwa, tena kwa kicheko.

Nne, ilikuja serikali ya kigeni na viboko vyake. Wakati wa Wajerumani, "hamsa ishirini", yaani viboko 25, lilikuwa neno linalojulikana na kila kibarua na kila mchukuzi. Sidai kwamba mwalimu wa chuo aliiga kwa Mjerumani. Nasema tu kwamba mapigo 3 ya Kairouan yalizidi kuonekana madogo katika nchi ambayo watu wazima walihesabiwa 25 hadharani.

Hata hivyo walikuwako walioikumbuka mizani. Huko Lamu, Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alifungua darasa zake kwa watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao wengi mjini hawakuona haja wasomeshwe dini kwa undani. Aliwakusanya kwa maulidi, kaswida na matwari, mambo yaliyowavuta watu ambao mlango wa elimu ulikuwa umefungwa kwao. Wako wakubwa wa mji waliolaumu, lakini Msikiti wa Riyadha ulikuja kuwa kituo cha elimu kinachofikiwa na wanafunzi kutoka pwani nzima. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, aliandika vitabu vidogo vya dini kwa Kiswahili ili mtoto aelewe anachokisoma. Na katika miaka ya 1980, mjini Mombasa, ulianza mpango wa madrasa za watoto wadogo uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ukaenea baadaye Zanzibar na Uganda. Humo mafunzo ya dini yaliunganishwa na nyimbo na michezo, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana papo hapo.

Nilisoma chuo mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nilipata walimu wawili. Jina la kila mmoja naliacha. Wa kwanza alikuwa msomaji hodari, mwenye sauti nzuri, na aliyechelewa au kusinzia alichapwa bila kuulizwa. Jirani yangu wa jamvi alikuwa mtoto wa mjane. Alfajiri alibeba sinia la maandazi ya mama yake, asubuhi alikwenda shule, na adhuhuri alikuja chuoni. Alisinzia kila siku, na kila siku alichapwa. Alikuwa hajamaliza juzuu ya Amma alipotoroka, wala hakurudi tena katika chuo chochote. Leo ni mzee kama mimi. Humwona siku za Idi, nyuma kabisa, karibu na viatu. Aliwahi kuniambia kwamba akisikia Kurani inasomwa kwa sauti, viganja humuwasha. Sijui kama kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo katika kazi ya kusomesha dini.

Mwalimu wa pili alikuja baada ya wa kwanza kuhama. Naye alikuwa na bakora, tena henzerani nzuri, ikining'inia ukutani. Lakini katika wiki zake za kwanza alizunguka nyumbani kwetu sote, jioni, akinywa kahawa na kuuliza. Baadaye tuliona mambo yamebadilika. Watoto waliokuwa wakiuza vitu aliwaruhusu walale kidogo ukumbini kabla ya kusoma, au waje baada ya magharibi. Aliyekuwa mzito wa kuhifadhi alipewa aya mbili badala ya tano. Lakini zile mbili alizidai, na hakuna aliyesamehewa somo lake. Aliyemcheka mwenzake mwenye kigugumizi alimwona ule ukali wake. Alitenganisha makosa yanayotoka katika utashi wa mtoto na yale yanayotoka katika hali yake. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita mwalimu mlegevu, na waliohitimu kwake walikuwa wengi.

Najua wapo watakaonijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye, udongo upatize ungali maji. Nakubali zote mbili. Mtoto aliyeachwa bila adabu amedhulumiwa, na mfinyanzi anayengoja hupata udongo mkavu. Lakini mfinyanzi huyohuyo huutia mkono udongo kwanza ajue una maji kiasi gani. Iko na methali nyingine: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu aliyekwisha kula, akimchapa mtoto asiyekula kwa sababu hakushika aya, ameingia moja kwa moja katika methali hiyo.

Siku hizi sheria nazo zimesema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imeikataza adhabu ya viboko. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuifuta adabu ya mzazi au mlezi, lakini imesema haikubaliki adabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake, wala kwa mtoto asiyeweza kuelewa makusudi yake. Baadhi ya walimu wa dini huziona sheria hizi kuwa ni mambo ya wageni. Mimi kila nikisoma maneno hayo ya umri na hali ya mwili na akili, nasikia sauti ya Al-Qabisi na ya tabibu wa Al-Ghazali.

Na leo mzigo wa mtoto umezidi kuliko zama zao. Anatoka shule alasiri, labda hajala tangu asubuhi, anavua sare, anavaa kanzu au mtandio, anaingia chuoni. Jumamosi ana masomo ya ziada. Mwalimu anayemwona amesinzia anaona uvivu. Hajaona siku nzima iliyotangulia.

Kwa hiyo simwombi mtu awaache wazee. Anayetaka kuwafuata na awafuate kwa ukamilifu: ahesabu miaka ya mtoto, aulize kama amekula, apeleke habari nyumbani kabla ya kuhukumu, aangalie kama kosa ni la ukaidi au la uchovu, kisha angoje hasira yake ipoe. Akishayatimiza hayo yote kwa mpango wake, nadhani mara nyingi atakuta adhana ya magharibi imekwisha kupigwa, na ile sababu ya kunyanyua bakora haipo tena.